Kwa Penseli, Pembeni

Kitabu cha maisha ya mdogo wangu kimefika Gulwe
ndani ya mfuko wa mwalimu Chiduo,
jalada linang'aa kama sufuria ya bibi harusi,
Ndahani kifua mbele, anakata utepe.
Shilingi elfu ishirini na tano.
Nimekopeshwa. Nitalipa kwa karanga.

Ukurasa wa saba wanasema alikimbia maili sita kwenda shule
kila alfajiri, pekupeku, fisi wakimpisha njia.
Shule ilikuwa nyuma ya choo chetu.
Kengele ikigongwa, yeye bado anatafuta shati.
Nimechonga penseli kwa kisu cha mboga,
nikaandika pembeni, herufi ndogo:
Si kweli. Ila fisi walikuwepo.

Mbele kidogo wanasema, "Aliikimbilia ndoto."
Ndoto gani, jamani?
Alikimbilia behewa la daraja la tatu.
Abiria kachukua mayai manne ya kuchemsha
na chumvi yake kwenye kipande cha gazeti,
akajifanya anatafuta chenji mpaka filimbi ikalia.
Treni ya Kigoma haikuwa na haraka pale mtoni,
ilijikongoja, ikahema, ndipo ikashika mwendo,
nasi juu ya kokoto, mimi na beseni, yeye na mdomo:
Hela yetu! We mwenye kofia, hela yetu!

Hapa naandika polepole, maana pana jambo.
Ndahani aliishia kwenye nguzo ya ishara,
akashika magoti, akatapika uji.
Mimi niliendelea.
Nikapita behewa la mizigo, nikapita la mbuzi,
nikafika dirishani, nikamdaka mkono.
Akanipa hela, na kwa hofu akaniachia kofia.

Jioni ile mdogo wangu alinitazama
kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kukinunua.
Kesho yake akasema: nifundishe.

Kitabuni nimo mara moja.
"Dada yake alimkorogea uji."
Kweli nilimkorogea, wa uwele, na ukwaju ukipatikana.
Hilo sijaligusa.

Sina hasira. Mwandishi alikuja siku ya vumbi,
akakaa kwenye kigoda, akanywa maji yake ya chupa,
akamhoji mwenyekiti wetu wa kijiji,
ambaye mwaka ule alikuwa jela Morogoro
kwa wizi wa mataruma ya reli.
Na Ndahani? Walimsomea akiwa Muhimbili, goti limepasuliwa,
na mwenye maumivu hukubali lolote analosomewa.

Ila juzi, mvua ya kwanza, kaja kijana wa sinema,
yule Twaha Kisunzu, ambaye wasichana wa Mpwapwa
wamebandika sura yake ndani ya milango ya makabati.
Ndiye atakayecheza Ndahani. Nyusi zimechongwa,
viatu vyeupe, anakanyaga tope letu kama paka.
Akawauliza wanaume wa kijiweni: alikimbiaje?
Kila mmoja akasimulia medali.
Akanijia nikimenya karanga:
Mama, mguu ulianzia wapi? Mkono aliupelekaje?

Swali hilo sijawahi kuulizwa.
Nikaweka ungo chini, nikakaza kanga kiunoni.
Nina miaka sitini na mitatu na jino moja linanisumbua.
Bega la kushoto chini kidogo, nikamwambia, ndipo beseni hukaa.
Kidole gumba ndani ya ngumi, usidondoshe senti.
Usitazame reli. Tazama dirisha.
Kisha nikamwonyesha,
kutoka ghala la mahindi mpaka nguzo ya ishara,
naye nyuma yangu, anahema, anakosea, anarudia,
hadi bega likashuka lenyewe.

Ukurasa wa mwisho wameuacha mweupe, sijui kwa nini.
Penseli imebaki fupi, haishikiki vizuri.
Nimeandika: Kofia bado ninayo.